Sahani ya Figo Kando ya Treni ya Watoto

Editha, meneja wetu, ameniomba niwaandikie ninyi mnaobaki jikoni yale niliyojifunza kabla sijayasahau. Nadhani alitarajia kurasa mbili za usafi wa mikono. Naweni mikono. Hayo yameisha, sasa niandike mengine.

Nilipoajiriwa, Ta Rwiza, mzee mwenye mahali hapa, alikuwa ndiyo kwanza amepata wazimu wake. Alikuwa na kilima kizima cha migomba kwenye barabara ya kwenda Ihanda, kilima ambacho mtu mwenye akili angekiachia watoto wake. Yeye aling'oa nusu, akasimamisha bembea, akachimba bwawa la boti za kukanyaga kwa miguu, akatandika reli ya treni ya watoto kuzunguka migomba iliyobaki, na juu kabisa akaweka vile vikombe vikubwa vya rangi ambavyo mtu huketi ndani vikamzungusha mpaka asahau jina lake la ubatizo. Miezi ya mwanzo watu walitoka Kituntu na Kiruruma kuja kutazama tu. Wanaume wazima walisimama kwenye uzio wamekunja mikono kama wanunuzi wa ng'ombe, wakiitazama treni inavyopita, wakisubiri ianguke. Haikuanguka. Wakaanza kulipa kiingilio.

Mpishi mkuu alikuwa Ta Leonsi. Alikuwa amewapikia mapadre karibu maisha yake yote na bado alikuwa na imani, jambo ambalo mpaka leo nalihesabu kama muujiza. Siku yangu ya kwanza hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa mkungu wa ndizi, kisu kifupi na kijiko cha mafuta ya kupaka mikononi nisichafuke kwa utomvu, akaenda zake kunywa chai. Aliporudi hakuzitazama ndizi. Aliinama akatazama maganda. Akachukua moja, akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaona nyama ya ndizi haikubaki humo, akalitupa. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Menyu ya kwanza ilikuwa fupi: ndizi kwa nyama, ndizi kwa maharage, ndizi kwa mchuzi wa karanga. Ilikuwa menyu nzuri kwa watu wanaorudi shambani. Kwa watu wanaopanda vikombe vinavyozunguka ilikuwa balaa. Jumapili ya kwanza ya msimu wa kahawa, mchuzi wangu wa karanga ulirudi duniani kwa njia ileile uliyoingilia, kutoka kwa familia moja baada ya nyingine, kwa mpangilio mzuri kama wanavyopanga mstari wa komunyo. Mtu aliyekuwa akiendesha vikombe alikimbia. Ta Leonsi alisimama mlangoni, akatazama kilima chote, akasema mchuzi ulikuwa mzito vya kutosha, kosa si letu. Kesho yake tulibadilisha menyu. Kabla ya vikombe, maandazi makavu na chai ya tangawizi. Baada ya vikombe, chochote. Na saa za chakula cha mchana vikombe vilifungwa kwa mnyororo. Hayo ndiyo mabadiliko ya menyu ninayojivunia kuliko yote, na hakuna aliyewahi kunipa cheti.

Baadaye nikakutana na watu wasiokula. Mpishi kijana hudhani kazi yake ni chakula. Kazi yake ni watu wasiokula. Waislamu ni wepesi: sufuria zao, kisu chao, mchinjaji wao, mmemaliza. Wasabato nao wepesi, isipokuwa wanakuuliza maswali kuhusu samaki asiye na magamba wakiwa tayari wanajua jibu. Alikuja dada mmoja Mzungu aliyejitolea kufundisha shule ya jirani, hali ngano kabisa, akaja na uso wa mtu aliyezoea kulala njaa. Tulimpa ndizi, muhogo, maharage na ugali wa mtama, akala mpaka akalegea. Alisema hajawahi kufika mahali ambapo ugonjwa wake hauonekani. Mapadre wa Kwaresima sitawaandika. Ninaogopa kufa.

Halafu kuna muziro. Wale mliotoka mbali, eleweni hivi: huku kwetu kila ukoo una kitu chake usichokila. Wengine ni mnyama wa porini, wengine ni aina ya samaki, wengine ni kiungo fulani ndani ya ng'ombe. Huko ndiko kunakoitwa kuwa na muziro. Mtu akila muziro wake, wazee wanasema mwili utamsema: ngozi itabambuka, meno yatacheza, kiungo kitavimba. Nilikuwa na mteja mmoja kutoka Kiruruma ambaye ukoo wake haukula ng'ombe mwenye mabaka. Kila akija aliita mhudumu na kuuliza, kwa sauti ya chini na adabu nyingi, ng'ombe wa supu ya leo alikuwa na rangi gani. Nililazimika kila asubuhi kwenda buchani kutazama ngozi. Buchani walidhani nataka kushona viatu.

Ta Leonsi alikuwa na utaratibu wake juu ya hayo. Wakati ule mgeni alikaa mezani, mhudumu akaja mpaka dirisha la jikoni akanong'ona, na sahani ikatoka imekamilika. Hakuna jirani wa meza aliyejua nani hali nini. "Usimuulize mtu kwa nini hali," aliniambia. "Muulize ale nini, halafu funga mdomo." Alipoacha kazi aliondoka na nyuki aliowafuga na kofia yake, akaniachia dirisha lile.

Editha, binti wa Ta Rwiza, aliporudi kutoka chuo cha hoteli, alilifunga. Sitamsema vibaya, maana mengi aliyoyaleta yalikuwa mazuri: friji inayofunga, majiko ya gesi, wahudumu wenye siku ya kupumzika. Alileta bufee. Meza moja ndefu, vyombo vyenye vifuniko, na mbele ya kila chombo kibao kidogo kinachosema kilichomo, ili mwenye kukatazwa kitu na daktari ajionee mwenyewe. Nilimwambia ni jambo zuri. Na lilikuwa zuri, isipokuwa sasa kila mtu alisimama mbele ya kila mtu, na kijiko mkononi.

Sasa niwaeleze ya Anisia, maana wengi mmeisikia vibaya.

Anisia alikuwa mhudumu wetu, mwenye kicheko kinachosikika mpaka bwawani. Deusi aliendesha treni ya watoto. Alikuwa kijana mrefu, ukimwona amekunja magoti ndani ya kile kichwa cha treni unamwonea huruma. Kila alipopita mbele ya mgahawa alipiga king'ora mara moja kwa ajili ya abiria na mara moja kwa ajili ya Anisia. Tulivumilia hayo mwaka mzima, kisha tukawaambia waoane tupate kupumzika.

Deusi ni Mnyambo wa Ihanda, Mlutheri. Anisia ni wa Kyerwa, Mkatoliki. Wazee wake walivuka kutoka Burundi kuja kuchuma kahawa za watu, wakabaki, wakapanda za kwao. Suala la dini lilimalizika kwa vikombe viwili vya chai: misa kwa Wakatoliki, kwaya ya Walutheri. Kilichobaki ni ukoo. Jina la ukoo wa Anisia lilipotajwa, upande wa Ihanda wote walitikisa vichwa kwa heshima, maana yake hakuna aliyelijua. Na koo za huku na za ng'ambo hubadilisha majina njiani. Kipimo kinabaki muziro. Watu wenye muziro mmoja ni damu moja hata kama hawajawahi kuonana, na damu moja haioani. Baba yake Anisia alifariki zamani. Aliyemlea ni baba yake mkubwa, Mzee Silivesta, na huyo alisema kwao hawana muziro wanaoukumbuka, wazee waliuacha ng'ambo pamoja na vyungu. Shangazi yake Deusi, Ma Georgina, hakupenda jibu hilo. Yeye ndiye aliyekuwa na sauti ya mwisho. Akakubali utambulisho ufanyike, lakini alisema atakuja macho wazi.

Utambulisho ukafanyika kwetu, kwenye bufee.

Asubuhi ya siku hiyo Mzee Silivesta alifika mapema, akazunguka nyuma mpaka mlango wa jikoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku akitazama nyuma yake. Alivaa koti la harusi na kiatu kimoja kilichofungwa kamba legelege. Akaniomba tusogee kwenye magunia ya mkaa. Hospitali walikuwa wamemwambia ana gauti. Nyama nyekundu asile, na zaidi ya yote maini na figo asiziguse, kidole gumba cha mguu kitawaka moto. Niliuliza kwa nini asiwaambie tu wakwe.

"Mwanangu, huwezi kwenda kuozesha binti ukiwa umebeba maradhi mkononi," akasema. "Watauliza ni ya ukoo. Nina mabinti wengine watatu pale nyumbani."

Nikamwahidi sitasema. Nikamtengea ndizi za maharage na kuku wa kienyeji, nikamwonyesha chombo chake ni kipi. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja: siku hiyo Editha alikuwa amebadilisha menyu kwa heshima ya wageni, na katikati ya meza, chini ya kifuniko kinachong'aa, palikuwa na figo za kukaanga kwa vitunguu na pilipili hoho.

Chakula kilianza vizuri. Hotuba zilikuwa fupi kwa sababu watu waliona mvuke. Mzee Silivesta alikuwa ameshachukua kuku wake na kuketi, salama kabisa, pale Editha mwenyewe alipochota figo kwenye sahani safi akampelekea kwa magoti mawili, ili kumheshimu.

Mzee angeweza kusema ameshiba. Angeweza kusema baadaye. Aliitazama ile sahani, akawatazama wakwe, akachagua jibu lenye hadhi kuliko yote analolijua mwanaume wa Karagwe na Kyerwa.

"Asante, mwanangu. Kwetu figo hatuli."

Ma Georgina aliweka uma wake mezani. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na nilisikia ule uma ukigusa mbao.

"Kwenu hamli figo?"

"Hatuli."

"Tangu lini?"

"Tangu mababu," akasema Mzee Silivesta, kwa kujiamini, maana alidhani anapanda hadhi.

"Na sisi hatuli," akasema Ma Georgina.

Nje treni ilipita na mtu mwingine ndani yake, bila king'ora cha pili. Deusi alikuwa ameketi upande wa wazee wake na alikuwa amebadilika rangi. Anisia alisimama na jagi la maji, na maji yakaendelea kumiminika kwenye bilauri iliyokwisha kujaa. Kaka yake Ma Georgina, mtu mnene mpole aliyeitwa Ta Ferdinandi, akavuta kiti chake nyuma kidogo kutoka kwa wakwe, kama mtu aliyegundua ameketi na dada zake.

Niliona jinsi Mzee alivyoelewa. Ilimpanda taratibu, kuanzia shingoni. Akasema alikuwa anatania. Ma Georgina akasema mababu hawatumiwi kutania. Akasema labda ni yeye tu asiyezipenda. Ma Georgina akasema hakusema hapendi, alisema kwetu. Na mimi nilikuwa na neno mdomoni lililoweza kumaliza yote, neno moja la hospitali, na nikamtazama Mzee nipate ruhusa, naye akanikata jicho kali likasema thubutu.

Kisha akavuta ile sahani.

"Leteni ndizi," akasema.

Nilizileta mwenyewe, na nikapata nafasi ya kupunguza figo kidogo nikijifanya kupanga sahani. Ma Georgina aliniona. "Adelina, mwongeze," akasema. Nikamwongeza. Mzee alikula kipande kwa kipande. Alitafuna akimtazama Anisia, si kwa huzuni, ila kama mtu anayetia saini mahali ambapo amekwisha kusoma masharti yote. Akapangusa mchuzi kwa kipande cha mwisho cha ndizi, akasema figo zimeiva vizuri. Zilikuwa zimeiva vizuri. Nilizipika mimi.

Ma Georgina alisema hana neno la kuongeza, mwili wa mzee ndio utakaosema. Kama si muziro wake, mwili utanyamaza, naye atakuwa wa kwanza kucheza harusini. Wakaagana kwa adabu ya kutisha.

Mnajua mwili ulivyosema. Siku chache baadaye habari ikatoka Kyerwa: mguu wa Mzee Silivesta umevimba, hakanyagi chini. Habari hiyo ilifika Ihanda kabla haijafika kwetu. Anisia alikuja kazini, akafunga aproni, akaanza kukata vitunguu ili awe na sababu. Alisema Ma Georgina amekodi gari kwenda kuutazama mguu kwa macho yake, na akishauona mambo yameisha. Alisema Deusi amemwambia hatamwoa dada yake, na pia hatamwoa mtu mwingine. Halafu akaweka kisu chini, akasema, "Ma, wewe unajua kitu. Nilikuona mlangoni."

Nikamwambia simwambii, lakini nitakwenda kumwambia baba yake mkubwa kwamba aseme. Tulipanda bodaboda moja watu wawili na dereva, tukaivuka Kyerwa kwa vumbi lililonifanya nionekane marehemu. Tulimkuta Mzee sebuleni, mguu juu ya kigoda, umefunikwa kitenge kama mtoto mchanga. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba muziro unaua harusi hii moja kwa hakika, gauti labda haitaua hata moja. Akasema maneno hayo ni rahisi kwa mtu asiye na mabinti watatu. Nikasema wa nne huyu hapa, amekuja na vumbi lake. Anisia alipiga magoti kando ya kigoda, akarekebisha kitenge kisimguse kidole. Hakumwomba chochote. Nadhani hilo ndilo lililomshinda.

Gari likasimama nje. Ma Georgina aliingia na Ta Ferdinandi nyuma yake, akasalimia nyumba nzima kwa utaratibu, akakataa kiti, akasema anaomba kuona.

Mzee Silivesta akaondoa kitenge mwenyewe. Kidole kilikuwa chekundu, kinang'aa, kikubwa kuliko adabu.

"Si muziro, Ma," akasema. "Ni gauti. Ya hospitali. Nilikatazwa figo nikaona aibu kusema nina maradhi mbele yenu. Basi mmeyajua. Kama hamtaki mtoto wa nyumba yenye maradhi, semeni hilo, lakini msimwite dada yenu."

Ma Georgina akasogea kwenye kigoda. Aliinama, akakitazama kidole kwa muda mrefu, karibu sana, kama Ta Leonsi na lile ganda la ndizi. Tulisubiri hukumu.

"Usiku," akauliza, "shuka ikikigusa?"

"Kama mtu anamimina maji ya moto."

"Na asubuhi ukikanyaga?"

"Sikanyagi."

"Pombe ya lubisi umeacha?"

Mzee akasita. Akasema amepunguza.

"Hukupunguza," akasema Ma Georgina. "Hakuna anayepunguza." Kisha akakaa kwenye kile kiti alichokikataa, akainama, akavua kiatu cha mguu wa kushoto, akavua na soksi, akanyoosha mguu wake kando ya kigoda. Kidole chake gumba kilikuwa na nundu ya miaka, imepinda upande kama mzizi uliokuta jiwe. "Nyumbani nawaambia nilikanyaga msumari," akasema. "Hata huyu kaka yangu anajua ni msumari."

Ta Ferdinandi alitazama kidole kimoja, akatazama kingine. Ilimchukua muda. "Sasa dada," akauliza kwa wasiwasi wa kweli, "na kidole nacho hakiwezi kuwa muziro?"

"Nyamaza, Ferdinandi."

Anisia alicheka. Kilikuwa kile kicheko cha bwawani, ndani ya sebule ndogo, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuendelea na sura ya kikao. Wale wazee wawili walibaki wameketi miguu peku, wakilinganisha vidonge wanavyopewa na madaktari wao, na nani alidanganya kwa muda mrefu zaidi. Ma Georgina alishinda kwa mbali.

Harusi ikafungwa baada ya mavuno ya kahawa. Niliipika mimi, na ilikuwa kazi yangu ya mwisho kubwa kabla sijastaafu. Nilimwomba Editha anifungulie lile dirisha la jikoni kwa siku hiyo moja. Akalifungua, na tangu hapo halijafungwa, na bufee bado ipo. Ndivyo vitu vyote viwili vinavyoweza kukaa katika mgahawa mmoja, kama mnataka kujua nilichojifunza.

Anisia alivalishwa ofisini kwa Editha ili apigwe picha ndani ya treni kabla ya kwenda kanisani. Wakati wapiga picha wanabishana juu ya jua, akapita mlango wa jikoni na gauni lake lote, limekusanywa mikononi kama mtu anayevuka tope. Akauliza kama zimebaki figo. Zilikuwepo, mimi mpishi, najua watu. Akasema kuanzia kesho anahamia nyumba ambayo haziingii mlangoni, si kwa sufuria wala kwa harufu, na yeye tangu utotoni anazipenda kuliko nyama yoyote. Kuhusu kufunga saa moja kabla ya komunyo nilimwambia asihofu, padre huchelewa.

Nikamfungia aproni mbili, ya mbele na ya nyuma. Alikula amesimama kando ya jiko, bila haraka, kwa mkono, mpaka sufuria ikabaki na vitunguu tu. Kisha akala na vitunguu. Akanawa, akapaka upya rangi ya mdomo kwa kujitazama kwenye kifuniko cha bufee, akaenda kuolewa.